Rutuba ya Maji Katika Tangi la Matumbawe: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Nairobi

Miaka michache iliyopita nilipoteza karibu nusu ya matumbawe katika tangi langu la sebuleni hapa South B, na yalikufa kwa njaa. Nilikuwa nimeshika neno moja tu, kwamba naitreti na fosfeti, yaani chumvi za naitrojeni na fosforasi zinazotokana na mabaki ya chakula, ni uchafu wa kuondolewa, nikaziandama mpaka vipimo vyote viwili vikasoma sufuri. Kwa siku tisa nilikuwa na furaha. Kisha matumbawe yakapauka kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba, na juu ya mchanga ukatanda ute wa kahawia wenye mapovu madogo. Ukiuvuta kwa mpira asubuhi, jioni umerudi. Ute ule ni dinoflajelati, viumbe vidogo vinavyoshamiri pale ambapo washindani wao, yaani mwani wa kawaida na bakteria, wamekosa chakula. Ilinichukua miezi minne kuuondoa, na dawa yake ilikuwa kurudisha zilezile naitreti na fosfeti nilizozifukuza.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa msimamo mmoja: rutuba ya maji ni chakula cha tangi. Kazi ya mfugaji ni kujua kinachoingia, kujua kinachotoka, na kuzuia kipimo kisiruke. Tumbawe huvumilia zaidi naitreti ya miligramu 20 kwa lita iliyotulia kuliko naitreti iliyoporomoka kutoka 20 hadi 2 kwa wiki moja.

Kiasi gani kinatosha

Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa hadubini uitwao zuzanthela. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha tumbawe mwenyewe. Lakini mwani hauwezi kuishi kwa mwanga peke yake. Unahitaji naitrojeni na fosforasi kama vile sukuma wiki inavyohitaji samadi. Vikizidi, zuzanthela huzaana kupita kiasi, na tumbawe lililokuwa zambarau au kijani linageuka kahawia. Vikipungua mno, zuzanthela huondoka na tumbawe hubaki jeupe.

Utasikia watu wakisema kwamba maji ya bahari kwenye miamba ya Watamu au Kisite yana naitreti na fosfeti kidogo mno, karibu hakuna, kwa hiyo na sisi tufanye hivyo. Maji ya kule ni maskini kweli. Lakini hupita juu ya matumbawe usiku na mchana, yakiwa yamebeba vijidudu na chembe za chakula zisizokwisha. Tangi la lita 200 halina hilo. Chakula kinachokosekana kikielea lazima kipatikane kikiwa kimeyeyuka.

Viwango ninavyovifuata ni hivi: naitreti miligramu 2 hadi 10 kwa kila lita ya maji, yaani 2 hadi 10 mg/l, na fosfeti 0.03 hadi 0.10 mg/l. Ukifuga matumbawe laini, yale ya ngozi na ya uyoga, naitreti ya 15 au hata 20 haitakusumbua. Ukifuga matumbawe magumu ya matawi, kaa katikati ya viwango hivyo na uangalie pia alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, inayopimwa kwa dKH. Rutuba ikiwa ndogo, alkali isizidi dKH 8.5. Alkali ya 11 katika maji maskini huunguza ncha za matawi, na wengi hulaumu taa bure.

Hatua ya kwanza: maji unayoanza nayo

Huwezi kudhibiti rutuba kama maji yenyewe yanaleta rutuba. Maji mengi ya mfereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yakatiwa klorini. Siku ambayo mgao haukufika, mwenye nyumba hufungulia kisima, na kisima kikikauka linaitwa lori la maji. Hayo ni maji ya aina tatu katika mfereji mmoja, ndani ya wiki moja. Ya visima vyetu hupita kwenye miamba ya volkano na huwa na silika, inayolisha ule unga wa kahawia unaoganda kwenye kioo cha tangi jipya. Ya lori hayana historia unayoweza kuiamini.

Kwa hiyo tumia maji ya mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi, yenye resini mwishoni ya kunasa chumvi zilizobaki, na usikubali kipima TDS, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome zaidi ya 0. Hapa kuna jambo la Nairobi ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilitaji: msukumo wa maji. Utando wa RO wa nyumbani unataka msukumo wa psi 50 hadi 60. Maji ya tangi la paani hupata takriban psi 14.2 kwa kila mita 10 za kimo. Mimi nakaa ghorofa ya tatu katika jengo la ghorofa sita. Kutoka mfereji wangu hadi tangi la juu ni kama mita 12, sawa na psi 17 hivi. Mashine yangu ilikuwa ikitoa maji kwa matone, nayo hayakuwa safi, kwa sababu msukumo ukiwa mdogo utando hupitisha chumvi zaidi. Nilipofunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo, TDS kabla ya resini ilishuka kutoka 31 hadi 6, na resini iliyokuwa ikiisha kwa wiki sita sasa inafika miezi mitano.

Maji yanayotupwa na mashine ni mengi, mara tatu au nne ya yale unayopata. Yakinge kwenye mitungi ya lita 20, uoshee choo na kupiga deki. Nyumbani kwetu hayajawahi kumwagwa.

Maji yaliyopungua tangini kwa kugeuka mvuke yajazwe kwa RO tupu, bila chumvi, kwa maana chumvi haipandi na mvuke. Anayejaza kwa maji ya mfereji anaongeza fosfeti kila siku bila kujua. Unapochanganya chumvi, iache izunguke na pampu kwa saa 24, kisha pima uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi: 1.025 hadi 1.026. Kuhusu kubeba maji ya bahari kutoka Mombasa, sikushauri. Vijidudu vilivyomo hufa njiani na kuoza ndani ya mtungi, na unachomimina ukifika ni amonia.

Na jiwe la matumbawe pia lisitoke baharini. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyachukua ufukweni bila kibali ni kosa. Nunua vipande vilivyokuzwa matangini na wafugaji wenzako.

Hatua ya pili: jifunze kupima

Sehemu kubwa ya matatizo ya rutuba ninayoletewa na wenzangu ni matatizo ya kupima. Mtu anasema fosfeti yake ni 0.02, ukienda kwake unakuta chupa ya kemikali imeisha muda tangu mwaka jana.

Angalia kwanza kipimo chako kinataja nini. Vipimo vingine vya naitreti huhesabu naitrojeni peke yake, na lazima uzidishe kwa 4.4 ili upate naitreti yenyewe. Kwa fosfeti, kifaa cha Hanna HI736 kinachopendwa na wengi husoma fosforasi kwa maikrogramu. Kikisoma 20, zidisha kwa 3.07 ugawe kwa 1,000, na fosfeti yako ni 0.06 mg/l. Nimemwona mtu akisoma 20 hiyo kama fosfeti ya 0.20, akamwaga dawa ya kuondoa fosfeti siku hiyo hiyo.

Upimaji wenyewe ufanye hivi. Chagua siku na saa moja isiyobadilika. Mimi ni Jumapili saa moja jioni, kabla ya kulisha. Suuza kichupa mara tatu kwa maji ya tangi. Chota maji kwa bomba la sindano, si kwa macho. Tikisa chupa ya kemikali kwa nguvu na kwa muda wote ulioandikwa, maana unga wake hukaa chini na usipoutikisa utapata naitreti ndogo ya uongo. Weka saa ya simu. Panguza kioo cha kichupa kwa kitambaa kikavu kabla ya kukitia kwenye mashine, kwani alama moja ya kidole inaweza kupandisha fosfeti kuliko ilivyo. Kama kipimo chako ni cha rangi, kisome dirishani mchana au chini ya taa nyeupe. Taa za buluu za tangi zitakudanganya.

Kipimo kikikushtua, rudia kabla ya kufanya lolote. Na andika. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasoma: "Naitreti 8, fosfeti 0.07, alkali 8.1. Kioo kimesafishwa mara mbili wiki hii. Skima imejaa nusu. Nyama ya kamba Jumatano." (Skima ni kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu; nitakieleza katika hatua ya tano.) Mistari ya aina hii, ikifika kumi, itakuonyesha tangi linaelekea wapi, jambo ambalo kipimo kimoja hakiwezi.

Hatua ya tatu: hesabu chakula

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, kwa sababu karibu rutuba yote ya tangi huingilia mkononi mwako.

Chukua gramu 1 ya chakula kikavu cha samaki chenye protini asilimia 45. Naitrojeni ni kama asilimia 16 ya protini, kwa hiyo gramu hiyo ina miligramu 72 za naitrojeni. Ikigeuka yote kuwa naitreti inakuwa miligramu 319. Katika tangi la lita 200, hiyo ni 1.6 mg/l. Fosforasi katika chakula kikavu ni kama asilimia 1, yaani miligramu 10, ambazo ni miligramu 31 za fosfeti, sawa na 0.15 mg/l katika maji yaleyale.

Itazame tena hiyo namba ya mwisho. Gramu moja tu inabeba fosfeti inayozidi kiwango cha juu cha tangi zima. Si yote inayobaki majini: nyingine inajenga mwili wa samaki, nyingine inachukuliwa na mwani, na nyingine inatolewa na skima. Lakini sasa unaona kwa nini fosfeti hupanda hata kwa mtu mwangalifu.

Niliazima mizani ndogo ya dijitali kwa jirani anayeuza viungo, nikapima kile nilichokuwa nikikitupa kwa vidole kila jioni. Kilikuwa gramu 1.4. Samaki wangu walikuwa watano, wote wadogo, akiwemo yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe anayelala ndani ya anemoni. Nikashuka hadi gramu 0.6 kwa siku, nikagawa mara mbili, nikazima pampu kubwa kwa dakika kumi wakati wa kulisha ili chakula kisikimbilie mawe ya nyuma. Ndani ya wiki tano fosfeti ilitoka 0.31 ikafika 0.14, bila dawa yoyote, na samaki hawakukonda.

Ukitengeneza chakula chako mwenyewe, na ni jambo jema, nenda kwa wauza samaki wa City Market ununue kamba wazima wenye maganda na kichwa. Kamba walioganda na kumenywa kiwandani mara nyingi hulowekwa kwenye chumvi za fosfeti ili wahifadhi maji na waonekane wanono. Hiyo fosfeti inaingia tangini moja kwa moja. Saga kamba, ngisi na mwani mkavu usio na viungo, tandaza kwenye mfuko wa plastiki uwe mwembamba kama chapati, ugandishe, umege kipande cha ukubwa wa ukucha. Watu husisitiza kusuuza chakula kilichoganda. Suuza ukipenda, lakini faida yake ni ndogo, kwa kuwa fosforasi nyingi imo ndani ya nyama yenyewe. Punguza kiasi. Huko ndiko kwenye faida.

Hatua ya nne: badilisha maji, lakini ujue mipaka yake

Tuseme naitreti yako ni 40. Ukibadilisha asilimia 20 ya maji, inashuka hadi 32. Wiki inayofuata 25.6, kisha 20.5, kisha 16.4. Hiyo ni kama hakuna kinachoongezeka katikati. Lakini samaki wanakula. Tuseme tangi huongeza 5 mg/l kwa wiki. Hapo, hata ukibadilisha asilimia 20 kila wiki bila kukosa, naitreti itatulia kwenye 25 kabla ya kila badiliko na haitashuka zaidi milele. Ukibadilisha asilimia 10, itatulia kwenye 50. Hesabu hii ilinitoa katika uchungu wa kubeba ndoo kila Jumamosi nikijiuliza kwa nini namba haisogei.

Kwa fosfeti hali ni ngumu zaidi, kwa sababu fosfeti hujishika kwenye mawe na mchanga wa kokwa za chokaa. Maji yakipungukiwa, mawe huachilia. Unabadilisha nusu ya tangi, jioni kipimo kinasoma 0.10, kesho kutwa kimerudi 0.22. Kipimo chako hakijaharibika. Mawe yanalipa deni la miezi mingi, na itabidi uyasubiri. Mawe makavu ya mtumba yana deni kubwa kuliko yote. Yaloweke kwanza kwenye pipa lenye maji ya chumvi na pampu, upime fosfeti ya pipa kila wiki.

Endelea kubadilisha maji hata hivyo, asilimia 10 kwa wiki, kwani yanarudisha madini mengine. Unapovuta maji, ingiza mpira mchangani na kwenye pembe ambako uchafu hutua. Safisha robo ya mchanga kwa wiki, usiuchokonoe wote kwa siku moja.

Hatua ya tano: njia za kutoa

Skima ndiyo ya kwanza kununua. Hutoa mapovu madogo sana, mabaki ya protini yakajibandika kwenye ngozi ya mapovu, yakapanda hadi kwenye kikombe kabla hayajaoza kuwa amonia. Irekebishe mpaka kikombe kiwe na maji ya rangi ya strungi. Yakiwa meupe kama maji ya mchele, unatupa maji ya chumvi bure. Osha shingo ya kikombe kila baada ya siku tatu, kwa sababu mafuta yakiganda hapo povu halipandi. Soksi ya kuchujia nayo ifuliwe siku hizohizo. Soksi iliyokaa wiki mbili imekuwa kiwanda cha naitreti.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mwani. Akina mama wa Kibuyuni kule Kwale hupanda mwani kwenye kamba baharini, wakauvuna na kuuza. Fanya kilimo kama hicho kwenye tangi la chini, yaani lile dogo lililo chini ya tangi kuu ambamo maji hupitia. Tia fungu la mwani wa keto, ule unaofanana na nyuzi za kijani zilizovurugika, na taa ya LED yenye mwanga mkali, iwake usiku wakati taa za juu zimezimwa. Mwani unakula naitreti na fosfeti pamoja, na taa yake ikiwaka usiku huongeza oksijeni saa ambazo tangi linaihitaji zaidi. Hewa yetu ni nyepesi: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa kwa joto lilelile. Kwa hiyo elekeza pampu moja ivuruge uso wa maji muda wote.

Mwani usiovunwa haujatoa kitu. Kila baada ya wiki mbili toa theluthi moja, uukamue, utupe kwenye chungu cha mboji au uwape samaki wako aina ya kangaja kama unao. Mavuno yakiwa mazito, utaona kwenye daftari. Ukianza kuona mwani unageuka mweupe na kukatikakatika, rutuba imeisha na ni wakati wa kupunguza saa za taa.

Siki ni njia ya tatu. Wengine hutumia vodka, lakini wengi wetu hatuweki pombe nyumbani, na siki nyeupe ya asilimia 5 hufanya kazi ileile. Kaboni iliyomo hulisha bakteria, bakteria huzaana wakichukua naitrojeni na fosforasi, kisha skima inawaondoa. Bila skima nzuri usijaribu. Anza na mililita 1 kwa kila lita 100, kila asubuhi, ukiitia taratibu mbele ya pampu, maana ni asidi na hushusha pH. Kaa hapo wiki nzima. Ongeza mililita 1 nyingine kwa kila lita 100 wiki inayofuata, na uendelee hivyo hadi naitreti ianze kushuka. Ikianza, simama hapohapo. Maji yakifanya ukungu au ukaona utando mweupe kwenye mabomba, rudi nusu mara moja: bakteria wamelipuka, na wanavuta oksijeni ileile ambayo tayari ni chache hapa juu. Samaki wakihema usoni pa maji alfajiri, hiyo ndiyo sababu.

Fahamu pia siki haiwezi kila kitu. Mwaka 1934 mwanasayansi Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba vijiviumbe vinavyoelea baharini vina naitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribiana, ambao leo huandikwa atomi 16 kwa 1. Ukiugeuza kuwa uzito wa naitreti na fosfeti, ni kama 10 kwa 1. Kwa hiyo bakteria wakiondoa naitreti 10, wanaondoa fosfeti 1 hivi.  Tangi lenye naitreti 1 na fosfeti 0.5 halitafaidika na siki, kwa kuwa naitreti itaisha kabla fosfeti haijatikisika.

Tangi la aina hiyo ndilo linalohitaji punje za oksidi ya chuma, zile za rangi ya kutu zinazowekwa kwenye kichujio cha bomba. Zinashika fosfeti bila kugusa naitreti. Zisuuze kwa RO mpaka maji yatoke safi, anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, upime baada ya siku mbili. Mimi sikubali fosfeti ishuke zaidi ya 0.05 kwa wiki. Ikishuka haraka kuliko hapo, matumbawe magumu huanza kuambuka ngozi kutoka chini kwenda juu, na mara nyingi ngozi hiyo hairudi. Lanthani, dawa nyingine ya kushika fosfeti inayouzwa kwa matone, waachie wenye uzoefu na kichujio chembamba.

Hatua ya sita: vikishuka mno

Dalili huonekana kabla ya kipimo. Kioo kilichohitaji kusafishwa kila siku mbili sasa kinakaa siku kumi. Matumbawe yana rangi ya peremende iliyomung'unywa. Hapo zima taa ya mwani, toa punje za chuma, punguza skima iwake usiku pekee, na uongeze chakula. Kwa fosfeti chakula kinatosha; hesabu ya gramu moja unaikumbuka. Naitreti ikikataa kupanda, nunua sodiamu naitreti safi ya maabara, usichukue mbolea ya duka la kilimo. Katika lita 200, gramu 0.55 zitapandisha naitreti kwa 2 mg/l. Ziyeyushe kwenye RO, ugawe kwa siku mbili.

Usichanganye ute wa kahawia wa dinoflajelati, unaokuja rutuba ikiisha, na ute mwekundu unaotanda kama kitambaa na kuvuliwa kipande kizima. Huo ni sianobakteria, na mara nyingi huja pale maji yanapozunguka polepole na uchafu umelala. Uvute kwa mpira na ugeuze pampu.

Stima ikipotea

Mzunguko ukisimama, mashaka ya kwanza ni oksijeni na ya pili ni amonia. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha, iwe tayari siku zote. Ukikosa, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu kila dakika kumi. Usilishe kabisa. Kama una kichujio cha mkebe kilichofungwa, na giza limezidi saa tatu au nne, usikiwashe kabla ya kumwaga maji yaliyomo. Bakteria wake wamekosa hewa na maji hayo yana harufu ya yai bovu. Siku mbili baadaye pima amonia na naitreti, na utegemee kupanda kidogo.

Ukisafiri Desemba

Matangi mengi ya Nairobi huharibika kati ya tarehe 20 Desemba na Mwaka Mpya, familia zikiwa zimeenda nyumbani na dada wa kazi au jirani ameachiwa mkebe wa chakula. Anayependa samaki huwalisha kila anapopita. Si kosa lake, hakuonyeshwa.

Siku hizi, wiki moja kabla ya safari, mimi hukata karatasi za daftari na kukunja vifurushi vidogo, kimoja kwa kila siku ya pili, ndani yake gramu 0.5 zilizopimwa. Kila kifurushi nakiandika tarehe. Mkebe wenyewe naufungia kabatini. Ndoo ya RO naiweka karibu na tangi, na kwenye kioo cha tangi la chini nabandika utepe mwekundu: maji yakishuka chini ya utepe, ajaze hadi utepe, basi. Anipigie picha moja ya tangi kila jioni taa zikiwa zimewaka. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo nilirudi tarehe 3 Januari nikakuta naitreti 9, fosfeti 0.08, na kifurushi cha tarehe 26 bado kimekunjwa juu ya meza, kwa sababu siku hiyo stima ilipotea na Dada alikumbuka kwamba gizani samaki hawalishwi.